Azola Katika Bwawa la Bibi

Ukiisahau azola ndooni siku chache, inatoa harufu ya chai iliyolala kwenye birika, iliyochanganyika na matope. Mimi huisahau mara kwa mara, kwa sababu bosi wangu wa sasa, anayeuza samaki wa mapambo hapa Morogoro, hunituma huku na huko kabla sijamaliza kusafisha matangi ya vioo. Na kila nikiifunua ile ndoo, namkasirikia bibi yangu upya. Msinishangae. Bibi ni marehemu na nilimpenda. Lakini nyinyi hamkuwahi kukuza azola nyumbani kwake.

Kwa wasioijua, azola ni jani dogo kuliko ukucha wa mtoto, linaloelea juu ya maji huku mizizi yake ikining'inia. Ikipata maji yaliyotulia na samadi kidogo, inazaana kama imetumwa. Baridi ya Tukuyu ikiipiga, inageuka nyekundu. Samaki wanaila, bata wanaila, na mimi niliwahi kuionja nikajuta.

Aliyeileta kwetu Kawetele, huko Tukuyu, ni Mjomba Anyosisye, mdogo wake mama, kwenye mfuko wa nailoni. Alikuwa amechimba bwawa la perege nyuma ya migomba ya Bibi, kisha pumba za kuwalisha zikamshinda. Kabla ya kurudi Mbeya kwenye kazi zake za ujenzi akaniambia, "Mjomba, bwawa nakuachia wewe. Nikirudi Krismasi nikakuta hii kitu imejaa, samaki wanabaki. Nikikuta maji matupu, nafukia, napanda ndizi."

Nilikuwa nimekwisha kuacha shule, na hatimaye nilikuwa na kitu cha kutazama kutwa nzima bila kuchoka. Mvua za kwetu hazibembelezi; ya kwanza tu iliibeba nusu ya azola ikaipitisha kwenye mfereji wa kutolea maji, ikaipeleka kwa majirani wa bondeni. Nikakata vigogo vya migomba, nikavifunga kwa maganda yake, nikapata fremu ya kuelea. Ndani ya fremu azola ikatulia, ikanenepa.

Akaja Bibi na ungo.

Bibi alikuwa mtu wa kufagia. Jani la mgomba lililodondoka uwanjani kwake halikuwahi kuona jua likipanda. Kwake bwawa nalo lilikuwa sehemu ya uwanja, kwa hiyo kila asubuhi alichota azola yangu akaitupa kwenye mashina ya migomba.

"Bibi, ni chakula cha samaki!"

"Chakula gani kinafunika maji? Nataka nione chini."

"Uone nini chini?"

"Nione."

Maongezi yaliishia hapo, kila siku. Nilimwonyesha samaki wakila. Nilimtuma mzee wa kanisa akaseme naye. Akarudi na mkungu wa ndizi aliopewa, ameafiki kwamba maji masafi ni baraka. Ikabidi niwe naficha mbegu kwenye beseni nyuma ya banda la nguruwe. Yeye anachota, mimi narudisha.

Desemba ilipoingia, Bibi akaenda Kiwira kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, akapitiliza kwa ndugu. Nikatoa fremu, nikamwaga beseni zima. Azola ikatanda ukingo hadi ukingo, kama kiwanja cha mpira chenye nyasi mpya. Niliketi ng'ambo ya bwawa nikiitazama kwa raha zote.

Hapo ndipo Bibi alipotokea njiani, mkoba begani. Wakati huohuo Lusajo, mtoto wa mama mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, alichoropoka uani akaja na mbio zake za kuyumba, moja kwa moja kuelekea kwenye ule ukijani. Bibi alitupa mkoba. Alimdaka mguu mmoja ukiwa umekwisha kuzama, akambana kifuani mpaka mtoto akalia kwa kubanwa. Kisha akamkabidhi kwa mama yake aliyekuja mbio kutoka uani, akaingia majini na viatu vyake vya kanisani, akaanza kuchota kwa mikono.

"Mtoto ameshatoka, Bibi!" nilipiga kelele. "Ameshatoka!"

Alichota mpaka maji yakabaki meusi, matupu.

Mjomba alikuja Krismasi, akatazama, akafukia. Mimi nikaanza kutangatanga, na sijaacha.

Mwaka jana nilirudi. Nikiwa namenya ndizi na mama mdogo, nikaanza tena lawama zangu za azola. Akasema bila kuinua kichwa, "Si unajua mtoto wa kwanza wa bibi yako alifia kwenye dimbwi? Lilikuwa limefunikwa na majani. Walikuwa wanapita kandokando wanamwita, kumbe yuko chini yake."

Nikaweka kisu chini. "Nani alikuwa anajua?"

"Sote."

"Mbona hamkuniambia?"

"Kwani uliuliza?"

"Niliuliza kila asubuhi, mama mdogo! Kila asubuhi!"

"Wewe ulikuwa unauliza habari za samaki."

Jamani! Ukoo mzima unafunga midomo, halafu mtoto anaachwa agombane na bibi yake kwa sababu ya majani! Sentensi moja tu, na ningeichota azola yote mwenyewe siku hiyohiyo. Ila nadhani sentensi hiyo moja ndiyo iliyomshinda Bibi. Kuinama bwawani kila siku ya Mungu kulimwia rahisi zaidi.