Bi Nyongeza na Makoti Kumi na Manane

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Katika karakana ya ushonaji aliitwa Bi Nyongeza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe kwa mkono wake wa kulia, ule ulioshika mkasi. Kila alipokata nguo, alipima mara tatu na kupiga mstari wa chaki ulionyooka. Kisha akaanza kujiuliza. Na kama futi imenidanganya? Hapo alisogeza mkasi nje ya mstari kwa upana wa dole gumba, pande zote, kwa usalama. Usalama huo ulizaa mashati yenye mabega yaliyoshuka hadi karibu na kiwiko. Siku moja mteja mmoja, mtu mpole, alijaribu suruali yake mpya mbele ya kioo, akauliza kama mle ndani atakaa peke yake au kuna mpangaji mwingine anatarajiwa. Mshona vifungo alicheka nusura ameze sindano. Kufika adhuhuri, jina lilikuwa limeshakaa.

Si kwamba hakujua kazi. Aliijua kwa miaka kumi na mitatu. Lakini ukimsifu alisema kitambaa chenyewe ni kizuri, na ukimlaumu alikubali kosa kabla hujamaliza kulitaja.

Mambo yalimfika shingoni pale fundi mkuu, mzee aliyekata nguo zote kubwa za karakana, alipopangiwa upasuaji wa macho. Bendi moja ya tarumbeta ilikuwa imeagiza makoti kumi na manane ya zambarau, na kitambaa chake kilikuwa jora moja tu, la mwisho kwa muuzaji wa mbali. Mzee alipiga hesabu akamwita.

"Binti yangu, makoti kumi na manane yanatoka, lakini dole la ziada halimo. Ukiongeza, mpiga ngoma atapiga kifua wazi."

Mwenye karakana, mama asiyepoteza maneno, alimalizia. "Jora linakuja baada ya wiki mbili. Ukilikata sawasawa, meza ya kukatia ni yako moja kwa moja, maana mzee anapumzika. Ukiona huwezi, sema mapema nimwite fundi wa nje, wewe urudi kwenye pindo."

Jioni hiyo aliyamwaga yote kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeishi chumba cha pili na kufanya kazi ya mapokezi katika zahanati.

"Wifi, mimi nitasema siwezi."

"Sema. Ila kwanza chukua daftari, kila jioni uandike mambo matatu unayoyashukuru. Mimi tangu nianze, hata kaka yangu simgombezi ila siku za kazi."

"Na mwishoni mwa wiki?"

"Mwishoni mwa wiki ananigombeza yeye. Andika!"

Aliandika. Siku ya tatu wifi alikuja kukagua, miwani puani kama msimamizi wa mtihani.

"'Namshukuru mama kwa kila kitu.' Kila kitu ndicho nini, wifi? Sukari? Ndui? Mtu humshukuru mwenzake kwa jambo linaloonekana. Alikupa nini, siku gani, mkafanyaje?"

"Wewe nawe! Shukrani nayo ina masharti?"

"Ina masharti kuliko mkopo. Futa, andika upya."

Akaandika upya, kwa kinyongo kidogo. Namshukuru mama kwa kunionyesha, nikiwa na miaka tisa, kukivuta kitambaa kwa vidole viwili ili nijue nyuzi zake zinaelekea wapi. Namshukuru fundi mkuu kwa kunirudishia bega lilelile mara nne, mpaka la tano likakaa. Namshukuru yule mteja mnene aliyekatikiwa vifungo viwili harusini, kwa kuwa tangu siku hiyo nampima mtu wa tumbo akiwa ameketi.

Jioni ya kumi na moja alitaka kuandika la mama tena, akarudi nyuma kuhakikisha hajalirudia. Alisoma kurasa zote, chai ikapoa. Alikuwa ameketi kuwasifu watu wengine tu. Lakini kila kitu walichompa kilikuwa bado hapo, vidoleni mwake. Aliyepewa hivi vyote, alijiuliza, anasemaje kwamba hajui? Si ni kama kumrudishia mtu zawadi mlangoni?

Asubuhi hakumwambia mwenye karakana maneno mengi. "Nitakata," alisema, kisha akaenda kunoa mkasi.

Jora lilipofika alilitandaza mezani, akalivuta kwa vidole viwili. "Asante, mama," alinong'ona. Alipofika kwenye bega akasema, "Asante, mzee."

"Jamani, anaongea na kitambaa!" alisema mshona vifungo. "Kikijibu, mimi natoka."

"Kikijibu nitakuita ukisalimie."

Koti la kumi na mbili lilikuwa la mpiga tarumbeta kubwa, mtu mwenye kitambi cha kuheshimika. Mkasi ulipokaribia mstari wa kiunoni, dole gumba lilianza kuwasha, na mkono ukaenda nje kidogo, kwa mazoea. Alisimama. Mtu huyu nilimpima mwenyewe, ameketi, akacheka, nikampima tena. Akaurudisha mkasi juu ya chaki na kukata bila kuvuta pumzi.

Alasiri vipande vya koti la kumi na nane vilikuwa mezani. Mwenye karakana aliyahesabu makoti yote, akapima viuno na mikono, akaweka futi chini.

"Umekata vizuri."

Jibu la kitambaa kizuri lilikuja hadi mdomoni. Alilimeza.

"Asante, mama. Nimejitahidi."

"Kesho uje na kiti chako huku, kwenye meza yako."

Wenzake walipoondoka, alipangusa mkasi kwa kitambaa chenye mafuta, akafuta chaki mezani, akafagia mabaki ya zambarau kutoka chini ya meza na pembeni mwa ukuta. Aliyazoa yote kwenye kiroba, akayakandamiza kwa goti, akaufunga mdomo wa kiroba mafundo mawili na kukiegemeza mlangoni.