Bi Mstari Ajifunza Kufunga Mlango

Waliompa jina la Bi Mstari hawakukosea. Kwa miaka ishirini na saba mwanamke huyu aliandika vibao vya maduka kwa brashi, na mistari yake ilinyooka bila rula, hata akiwa juu ya ngazi inayoyumba. Alianza kwa kumsafishia shemeji yake brashi. Shemeji alipoacha kazi, yeye akarithi ngazi, makopo na wateja. Siku hizi ng'ambo ya barabara ipo mashine ya kuchapa vibao vya plastiki, na wateja wamepungua. Hata hivyo alikuwa na jambo moja la kujivunia: hakuna kibao chake kilichowahi kurudishwa.

Ndipo mwenye duka jipya la vigae, dada wa Kichina mwenye Kiswahili cha mbiombio, alipomletea karatasi yenye herufi nne za kwao.

"Utaweza, fundi?"

"Brashi haichagui lugha, dada. Lete ubao."

Alifanya kama alivyozoea: akapima kwa penseli, akapaka mistari yote ya kulala kwa mkupuo mmoja, kisha yote ya kusimama. Njia hiyo huokoa muda na rangi. Kibao kilitoka kinang'aa, akakipeleka dukani mwenyewe.

Huko alimkuta mama yake mwenye duka, bikizee mwembamba ambaye Kiswahili hakijui. Bikizee alikitazama kibao, akaweka kidole kwenye herufi ya tatu, ile inayofanana na kisanduku kilichojaa vitu, akasema maneno machache. Binti yake akacheka kwa aibu.

"Anasemaje?" Bi Mstari aliuliza.

"Anauliza hawa wa ndani waliingiaje. Eti umefunga mlango kwanza, halafu ukawapitisha dirishani!"

Bi Mstari alitaka kucheka, kicheko kikagoma.

"Amejuaje?"

"Rangi imepandana kinyume. Na humo ndani wamebanana. Anasema hii imechorwa, haijaandikwa. Lakini usijali, wateja wengi hawatajua. Kama ni tabu, nitachapisha cha plastiki. Tunafungua Jumamosi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Plastiki iache huko huko," alisema Bi Mstari, akakikwapua kibao chake. "Mwambie mama kesho nakuja shule."

Asubuhi bikizee alimwekea ndoo ya maji na brashi kando ya vigae vya kijivu vilivyotandazwa sakafuni. Kigae kimoja, herufi moja. Maji yakikauka herufi inatoweka, unaanza upya. Lugha yao ilikuwa kofi: akikosea mpangilio, anachapwa kidogo mkononi. Juu kabla ya chini. Kushoto kabla ya kulia. Na kisanduku kina utaratibu wake: ukuta wa kushoto, kisha mstari wa juu unaokunja kona na kushuka kulia, kisha wenyeji, yaani mistari ya ndani, waingie wote; mstari wa chini, ambao ndio mlango, hufungwa mwisho.

Mkono wake ulikuwa mbishi. Kila ulipoona kisanduku, uliunga kona zote nne. Jioni ile alikikwangua kibao, akakipaka rangi nyeupe upya, kisha akaketi mezani akiandika kwa kidole kilicholowa maji. Mumewe, dereva mstaafu, alisimama akimtazama.

"Mama watoto, mwalimu hakupi likizo?"

"Niache, mwenzio nafunga mlango."

"Basi funga na ule wa jikoni, mbu wanatumaliza."

Ijumaa alasiri alikiandika kibao mbele ya bikizee, bila penseli. Herufi mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Kwenye ya tatu, baada ya kushuka kulia, mkono ulianza kuelekea mstari wa chini kwa mazoea. Ukasita. Tone la rangi lilining'inia kwenye ncha ya brashi. Kisha mkono ukapanda, ukaingia ndani, ukawaweka wenyeji mmoja mmoja, kila mmoja na nafasi yake. Mwisho kabisa akauvuta mlango.

Alipogeuka, alimwona bikizee akishusha kidole. Alikuwa akimfuata hewani, mstari kwa mstari, na walikuwa wamemaliza pamoja. Bikizee akatamka neno moja.

"Imeandikwa," binti yake alifasiri.

Jumamosi kibao kilipanda juu ya mlango wa duka, na kipo hadi leo. Bi Mstari naye bado anajigamba kwamba hakuna kibao chake kilichowahi kurudishwa. Kile, anasema, alikichukua mwenyewe.