Vinundu kwenye Mizizi ya Maharage ya Mama

Mwaka ambao tulimegwa kutoka Mkoa wa Arusha tukawa Manyara, bwana shamba alimwamuru mama yangu ang'oe maharage yake yote. Mama alikataa. Mimi nilikuwa mwanachuo wa kilimo, nimerudi kwetu Mogitu kufanya mafunzo kwa vitendo chini ya bwana shamba huyohuyo. Bila saini yake, ripoti yangu isingepokelewa chuoni.

Siku hizo maduka ya pembejeo yalikuwa yamefunguliwa kila senta. Ushirika ulikuwa umebaki jengo lenye kufuli, na mbegu aliuza yeyote mwenye gari. Mbegu mpya ya maharage ilikuja kwenye pakiti yenye picha, na bwana shamba aliihubiri kama mlokole. Mama akaendelea kupanda ya kwake, mchanganyiko wa mekundu, meupe na yale madogo ya kahawia, aliyopewa na bibi alipoolewa.

"Shikamoo mama," bwana shamba alisema asubuhi ile.

"Marahaba. Karibu, ila usikanyage."

Aling'oa shina moja. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu vidogo kama punje za ulezi.

"Unaona? Hii ni minyoo ya mizizi. Ng'oa yote uchome kabla haijahamia kwa majirani. Na kikundi chenu cha akina mama wakulima kimeshakubaliana, wote mpande mbegu moja ya dukani."

Mama alilipokea lile shina, akakipasua kinundu kimoja kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi.

"Mmea mgonjwa hauwi na afya hii," alisema. "Sing'oi."

"Nitakuandika, mama."

"Niandike. Andika kabisa kwamba nimekataa mara mbili, maana na kesho nitakataa."

Bwana shamba akanigeukia. "Wewe msomi, mweleze mzazi wako."

Nilijua saini ninayoihitaji iko mfukoni mwake. Lakini nilikuwa nimekishika kinundu kingine, nikakisukuma kwa kidole gumba, kikabanduka chenyewe.

"Sio minyoo, afisa," nilisema. "Minyoo huvimbisha mzizi wenyewe, huwezi kuubandua uvimbe. Hivi vinabanduka. Ni bakteria, na wanaulisha mmea."

Aliondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata kikundi kilikutana kwenye shamba darasa, shamba lao la kujifunzia, lililotengana na shamba letu kwa njia ya ng'ombe tu. Pale ilikuwa imepandwa mbegu ya dukani, na mistari miwili ya mwisho haikupata mbolea kwa sababu mfuko uliisha. Nilimwomba mwenyekiti, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, aniruhusu nichimbe mashina matatu kwenye mistari hiyo, maana mbolea huzuia vinundu, na matatu shambani kwetu. Tukayaosha kwenye karai, wote wakitazama. Ya mama yalijaa vinundu vyekundu ndani. Ya dukani yalikuwa na vichache, vyeupe.

"Udongo ni tofauti," bwana shamba alisema.

"Udongo uleule," mama alijibu, "tena tulilima na maksai walewale."

Nikawaeleza akina mama kadiri nilivyoweza. Mzizi wa harage hutoa ishara udongoni, bakteria wakaitika, mzizi ukawafungulia. Bakteria hupewa sukari, nao huupa mmea chakula wanachokitoa hewani. Kuna na kuvu, nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazofika mahali ambapo mzizi haufiki. Ustadi wa kuwaita na kuwapokea umo kwenye vinasaba, mbegu huurithi. Si kila mbegu ya dukani ni dhaifu, nilisema, ila hii huenda ilichaguliwa kwenye mashamba yenye mbolea nyingi, na hakuna aliyejali kutazama chini.

"Kwa hiyo mtu anaweza kuinunua mbegu iliyosahau kuita?" mwenyekiti aliuliza.

"Anaweza."

Siku mbili baadaye mwenyekiti alikuja nyumbani na sahani, akaomba mbegu. Wakafuata wengine watatu. Mama aliwapa, ingawa alikuwa ameshafutwa kwenye orodha ya kikundi kwa kukataa kung'oa, na akawaonya kwamba yale meupe huoza mvua ikizidi.

Bwana shamba hakusaini. Aliniambia niandike upya ripoti, niseme vile vinundu vilikuwa ugonjwa, ndipo atasaini siku hiyohiyo. Nilimrudishia kalamu yake. Nilirudia mafunzo msimu uliofuata, kijiji cha Dirma, kwa afisa mwingine, wakati wenzangu wameshahitimu na kuajiriwa. Baba mdogo alisema kiburi kimenipotezea mwaka mzima.

Mama hakusema hivyo. Siku niliyorudi kutoka chuoni na cheti kilichochelewa, alinipakulia makande, akaniuliza kama najuta.

"Sijuti, mama."

"Basi kula."