Tumbo la Mteja na Njia ya Utaridi

Baba yangu alikuwa fundi cherehani mtaani Nyakabanda. Nilipomaliza mwaka wa tano wa sekondari alinipa sharti moja: nimweleze jambo nililojifunza, alielewe barabara. Nikishindwa, mwaka wa sita nausahau, naketi dukani nishone. Nilikuwa na kichwa kigumu, kwa hiyo nikachagua jambo gumu kuliko yote: kwa nini vitu huanguka.

Nikamweleza kama mwalimu alivyotueleza. Jua limelibonyeza anga kama mtu aliyekaa katikati ya godoro, na sayari ni mipira inayobingirika kulizunguka.

Baba hakuinua macho kwenye mkasi. "Na ile mpira inaingia kwenye shimo ya godoro kwa nini? Si dunia iko inaivuta? Binti yangu, umeeleza kuvuta kwa kuvuta."

Iliniuma, maana alisema kweli. Darasa zima, mimi nikiwemo, hatukuwa tumeliona hilo.

Siku ya tatu akaja muuza unga kutoka mtaa wa Kimisagara, mwenye tumbo la heshima, kupimwa shati la mistari. Baba akalalamika kama kawaida yake: mistari imenyooka vizuri mezani, ikishapanda tumbo lile inasogeleana. Hapo nikaona njia. Adabu haikuniruhusu kumgusa mteja, nikamwomba Baba mwenyewe aweke futi mbili za kupimia pale tumbo lilipo pana kabisa, sambamba, azipandishe hadi kifuani bila kuzikunja kushoto wala kulia.

Akafanya. Zikakaribiana.

"Nani amezivuta?" nikauliza.

Baba akazifuata kwa kidole toka chini hadi juu. "Hakuna. Zimeenda sawa. Ni mahali zinapita ndiyo iko na mviringo."

"Muzee, tumbo yangu imekuwa mwalimu," akasema muuza unga, akijizuia asicheke futi zisianguke.

Nikamwambia Baba kwamba ndivyo ilivyo huko juu. Jua halina kamba ya kuvutia. Uzito wake umepinda mahali penyewe, na wakati pia, na kila kitu kinakwenda njia iliyonyooka kadiri inavyowezekana. Ndiyo maana Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, njia yake husogea zaidi kidogo kila mzunguko kuliko hesabu za zamani zilivyotaka. Ndiyo maana jua likipatwa, nyota zilizo kandokando yake huonekana kama zimehama kidogo: mwanga wa nyota hizo umepita penye mviringo.

"Hiyo nimeelewa," akasema Baba. "Hata kukushinda wewe."

Ilikuwa kweli, na sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia fundi yule. Akachukua futi ya tatu shingoni mwake. "Simama wima nikupime uniforme ya mwaka wa sita."

Muuza unga akasubiri na futi zake kifuani. Katika maisha yake yote ya ufundi, Baba hakuwa amewahi kumsubirisha mteja kwa ajili yangu.