Risasi Zilizokaushwa kwa Moshi

Kila asubuhi kabla ya chai, Kuka Hesbon alikaa mlangoni, akaikunja bunduki katikati kama mtu anayevunja muwa, akahakikisha haina kitu, kisha akainua mtutu kwenye mwangaza na kuchungulia ndani. Jicho moja limefumbwa, lile lingine liko kwa chuma. Akiridhika husema neno moja, "Laini." Hapo ndipo Kukhu Sellah anamimina chai. Kukiwa na uchafu mle ndani, chai ingoje, na sisi sote tungoje pamoja nayo.

Kuka ni babu kwa lugha yetu, na Kukhu ni nyanya. Kwao ni Matulo, lakini miaka yake mingi aliimalizia kwenye shamba la mahindi nje ya Kitale, upande ambao msitu wa Mlima Elgon unakaribiana na mashamba. Alikuwa mlinzi. Bunduki haikuwa yake, ilikuwa ya shamba na leseni ni ya shamba, na ililala katika chumba cha walinzi. Lakini nyumba tuliyopewa ilishikana ukuta na chumba hicho, na hakuna mtu aliyeijua bunduki hiyo kama yeye, kwa hivyo watu waliiita bunduki ya Hesbon. Hata meneja, Matthew, aliiita hivyo.

Kazi yake ilikuwa nyati. Mahindi yakianza kubeba, nyati hushuka kutoka msituni, na nyati hajui mpaka. Mara nyingi Kuka alipiga hewani wakarudi. Kuua aliua mara moja tu, nyati mwenye jeraha aliyekuwa amemrusha mpaliliaji mmoja juu ya ua. Siku hiyo hakupenda kuizungumzia. Alipenda kuzungumzia risasi yenyewe.

Bunduki kama ile hula risasi za aina mbili. Moja imejaa chembe nyingi, ukipiga zinatawanyika kama njugu zimemwagika. Nyingine ina bonge moja tu, zito, nene kama kidole gumba. Ya nyati ni hiyo ya bonge. Sasa Derrick, mlinzi kijana aliyekuwa chini ya Kuka, alikuwa na swali linalomsumbua. Bunduki za polisi zina mifereji inayojipinda ndani ya mtutu, na mifereji hiyo ndiyo huizungusha risasi isiyumbe. Hii yetu ndani ni laini kama bomba la maji.

"Sasa hili bonge likitoka, ni nini inalishika lisipinduke?" aliuliza siku moja tukipukuchua mahindi uani.

Kuka alichukua gunzi moja, akachomeka manyoya matatu ya kuku upande wa nyuma, akalirusha juu kupita paa la ghala. Lilipanda likitikisika kidogo, likatulia, likashuka kichwa mbele. Kisha akampa Derrick gunzi tupu.

"Rusha na wewe."

Derrick akarusha. Lilienda likibingirika hewani kama mlevi anashuka kilima, likaangukia sufuria ya Kukhu.

"Umeona?" Kuka akasema. "Kichwa kizito, mkia mwepesi. Hewa inavuta mkia nyuma, kichwa kinaenda pale umekituma. Bonge letu liko vile. Mbele ni uzito mtupu. Nyuma limefungiwa kizibo cha sufi ngumu, na skrubu. Hicho kizibo ndicho manyoya yake."

"Na hii mistari ya mshazari iko kwa ubavu? Si ndiyo inazungusha?"

"Inazungusha kidogo tu. Mistari ni ya kufinyika, bonge lipite mdomo wa mtutu bila kukwama. Usiiwekee matumaini."

"Kumbe tunalindwa na kuku."

"Ndiyo maana nakwambia usimle wote," Kuka akasema. "Acha manyoya."

Mwaka jana mvua ya masika ilikuja na haikuondoka. Sanduku la chuma la chumba cha walinzi likawa linatoa jasho ndani. Vitako vya shaba vya risasi vikaanza kuota kutu ya kijani, na Kuka akawa anazipangusa moja moja kama mtu anayemwosha mtoto. Mwishowe akafanya kile ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya na kitu asichotaka kioze. Mahindi ya mbegu sisi huyatundika juu ya jiko la kuni, moshi uyakaushe na kufukuza dumuzi, na yakishuka pale baada ya miezi huwa meusi lakini yanaota yote. Kuka alitia risasi za bonge katika mfuko wa turubai akautundika katikati ya mbegu.

Kukhu alisimama na mwiko mkononi.

"Hesbon, hiyo si mbegu."

"Ni kitu cha kukaushwa."

"Siku moja tutasonga ugali na ulipuke, watu waseme Sellah alizidisha moto."

"Iko juu sana. Moto haufiki pale, ni moshi tu."

"Na ile sheria yenu ya sanduku?"

"Sheria haikujua mvua hii," akasema. Zikakaa pale hadi jua la Septemba, ndipo akazirudisha kwenye sanduku, kavu, zinanukia kama samaki wa soko.

Kila mwaka shamba liliwapeleka walinzi Bungoma, kwenye uwanja wa shabaha wa mtu binafsi, wapimwe. Mwaka huo Matthew alikuwa amesema wazi mbele ya watu wote kwamba mzee amezeeka macho. Akikosa shabaha, bunduki itaenda kwa Derrick, na nyumba itafuata bunduki. Kukhu alilisikia neno hilo la nyumba akaenda kupalilia sukuma wiki ambayo haikuwa na magugu.

Uwanjani mimi sikuwepo. Naandika vile Derrick alinisimulia, nikiwa nimepunguza chumvi.

Msimamizi wa pale anaitwa Zahid, mtu wa mjini Bungoma, mpole, anaongea kama anayehofia kumwamsha mtoto. Kuka alilala kwenye gunia la mchanga, akalenga, akapiga. Risasi ya kwanza ikapita juu. Ya pili ikaenda kushoto kabisa. Ya tatu ikagusa pembe ya karatasi. Kuka akainuka akapangusa macho kwa mkono wa shati, akajilaza tena, akapiga, akakosa.

"Mzee, nyati angekuwa ameshakunywa chai na wewe," Derrick akasema, na ananiambia mpaka leo anajutia mzaha ule, kwa sababu Kuka hakucheka.

"Basi," Matthew akasema. "Tumeona."

"Ngoja," Zahid akasema. Alitembea hadi kwenye karatasi akaitoa. Tundu lililokuwa pembeni halikuwa la mviringo. Lilikuwa refu, kama tundu la kifungo. Akaliwekea kidole. "Hili bonge limefika likiwa limelala ubavu. Macho ya mzee hayawezi kulaza risasi ikiwa hewani."

Akatoa risasi yake mwenyewe akampa Kuka. Kuka akapiga. Katikati. Akampa nyingine, na ile nyingine ikatua karibu na ya kwanza, matundu mawili mviringo yakiangaliana kama macho ya bundi.

Zahid akachukua moja ya zile za shamba akaipasua kwa kisu polepole. Kizibo cha nyuma kilikuwa kimesinyaa, kimepasuka kama udongo wa kiangazi, na skrubu inacheza ndani yake. Alipokivuta kwa kucha kikatoka.

"Mkia umekufa," akasema. "Bonge linatoka, mkia unabaki njiani, na baada ya hapo ni jiwe tu." Akanusa, akakunja uso. "Hizi mlinunua wapi?"

"Kwa Issack, pale Kitale," Matthew akadakia. "Kumbe ametuuzia takataka. Huyo atajua mimi ni nani. Nitampeleka kwa polisi, leseni yake ya kuuza ichukuliwe."

Zahid alimwangalia Kuka. Kuka alikuwa anaangalia kile kizibo mkononi mwa Zahid.

"Lakini mzee amepita," Zahid akasema.

"Mzee amepita," Matthew akakubali, akampiga Kuka bega.

Jioni Kuka alirudi akakaa jikoni badala ya mlangoni. Alitueleza yote, hakuacha kitu. Kukhu alikuwa anageuza kuni.

"Kwa hivyo umebaki na kazi," akasema.

"Nimebaki."

"Na nyumba."

"Na nyumba. Issack ndiye anapoteza duka."

Kukhu akapuliza moto. "Issack ana ndugu wengi. Ana jamaa Bungoma, ana jamaa Eldoret. Sisi tuna nani?"

"Sellah."

"Mimi nauliza tu."

"Alinipimia hizo risasi kwa mkono wake, moja moja, akazifunga kwa gazeti. Zilikuwa nzima. Ni mimi nilizitia moshi."

"Najua ni wewe. Nilikuwa hapa na mwiko." Kisha akampakulia ugali. "Kula kwanza."

Asubuhi iliyofuata hakuichukua bunduki. Alivaa shati lake la kanisa akaenda ofisini kabla ya wapaliliaji kupanga mstari. Mimi ndiye hupeleka chai ya ofisi, kwa hivyo haya niliyaona. Matthew alimsikiliza hadi mwisho, akafunga mlango kwa mguu, hakujali mimi niko na birika.

"Mzee, nisikilize vizuri," akasema, na hakuwa mkali, lazima niseme ukweli. "Risasi za leseni ya shamba kukaa jikoni si makosa yako peke yako. Ni yangu. Ni ya shamba. Wakisikia, wataichukua bunduki, na nyati wako hapo nje. Wewe macho yako yamepita. Baki. Issack akija, wewe nyamaza tu. Hata usiseme uongo. Nyamaza."

Kabla Kuka hajajibu, hodi ikapigwa. Issack akaingia akiwa na kofia yake mkononi, mtu mfupi wa ndevu nyeupe, akatusalimia wote mmoja mmoja, hata mimi.

"Nimeitwa," akasema.

"Umeitwa," Matthew akasema, akaweka kile kizibo kilichosinyaa juu ya meza. "Hii ndiyo bidhaa unauzia watu wanaolala na nyati?"

Issack alikichukua akakigeuza. Nilimwona anatafuta neno. Alikinusa kama Zahid alivyonusa, akamwangalia Kuka, na nadhani pale pale alijua, maana yeye pia amekula kwa nyumba za kwetu. Lakini hakusema. Alikirudisha mezani taratibu.

"Kama zilitoka kwangu, basi zilitoka kwangu," akasema. "Hesbon, ni wewe ulizipiga. Wewe unasemaje?"

Matthew alikuwa anamwangalia Kuka kwa macho ya kumwomba.

"Zilitoka kwako nzima," Kuka akasema. "Nilizitundika juu ya jiko na mbegu. Moto ulizikausha mkia."

Nikamimina chai kwa sababu sikujua kingine cha kufanya.

"Mzee," Matthew akasema mwishowe, "unajua sasa siwezi kukuweka."

"Najua."

"Si mimi. Ni vile umesema mbele ya mtu."

"Najua, Matthew."

Issack akasimama. "Meneja, mimi sina kesi na huyu. Hata sijasikia kitu."

"Umesikia," Kuka akamwambia kwa upole. "Wewe kunywa chai."

Akatoa ufunguo wa sanduku la chuma mfukoni akauweka juu ya meza, akawaambia Derrick afundishwe kuzipangusa risasi kila juma wakati wa mvua, na wanunue chumvi ya mawe waiweke ndani ya sanduku inyonye maji. Kisha akatoka. Alipita mlango wa mbele ambao wafanyakazi hawautumii. Langoni Derrick, ambaye bado hakuwa ameambiwa lolote, alimuuliza, "Unaenda wapi na shati la Jumapili, mzee?"

"Matulo," Kuka akasema. "Funga lango, ndama watatoka."

Akashika barabara ya kuteremka, mikono nyuma, mwendo wake ule ule wa kuzunguka shamba. Kukhu na mimi tulifuata baadaye na vyombo. Yeye hakurudi hata kuchukua koti.