Kwenye faili waliandika kwamba mimi ndiye niliyekataa kusubiri: IVF yangu kutoka Goma hadi Kampala

Wakuu, heshima kwenu wote, na leo naanza na kina mama.

Naandika kutoka Goma, kwa hiyo mkikuta Kiswahili changu kina harufu ya Kongo mnivumilie. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalitokea kwenye mwili wangu, na faili ninalo hapa mezani wakati naandika. Nimebadilisha jina la mama mmoja tu, ingawa hastahili hisani hiyo.

Mimi nauza vitenge soko la Murara, hapa Goma. Nina miaka tisa ya ndoa na Kambale, mtu wa Butembo, mpole mpaka kuna siku unatamani angalau apige meza. Mirija yangu yote miwili imeziba. Tumekunywa mizizi, tumeombewa, tumechuliwa tumbo na bibi wa kila aina, mpaka daktari mmoja wa hapa akatuambia ukweli: njia iliyobaki ni IVF, na kwetu sisi hiyo ni safari ya Kampala.

Hapo ndipo anapoingia Mama Solange, jina nililompa mimi.

Kazi yake ni kukusanya kina mama wanne au watano wenye shida kama yangu na kuwapeleka pamoja. Anawatafutia chumba, anawasindikiza kliniki, na anawatafsiria, kwa sababu daktari wa kule anaongea Kiingereza na sisi tuna Kiswahili na Kifaransa. Mnavuka mpaka wa Bunagana kwa gari moja, kwa orodha moja ya majina. Mnarudi kwa gari hilohilo na orodha hiyohiyo. Kwa hali ya njia zetu siku hizi, jina moja likipungua kwenye orodha, gari zima linaulizwa maswali na mnaweza kulala mpakani.

Hiyo orodha msiisahau.

Tulikuwa wanne. Tukakaa Kampala wiki tatu, sindano kila siku, tumbo limevimba hadi kitenge hakifungi. Mayai yakatolewa, yakachanganywa na mbegu za Kambale, aliyekuja siku mbili tu kuzitoa akarudi Goma. Siku ya tano nikaambiwa nina embryo tatu.

Kwa wasiojua: embryo ni yai lililokwisha kurutubishwa na limeanza kukua, linasubiri kurudishwa tumboni. Linaweza kurudishwa siku hizohizo, au likagandishwa hata miezi mingi, mpaka mwili wako uwe tayari. Lini? Swali ni hilo tu. Na jibu lake ni lako, mwenye tumbo.

Mimi sikujua kama kuna swali.

Asubuhi hiyo daktari akanipima kwa eko, ile mashine inayoonyesha ndani ya tumbo kwenye kioo. Aliangalia kioo muda mrefu. Akageuza karatasi, akachora kitu kama parachichi lililopinduliwa, ndani yake akapiga mstari mwembamba, akaugongagonga na kalamu. Akaongea. Akaongea tena. Mama Solange akanigeukia.

"Anasema embryo ziko bien. Ni leo, mama."

Nikamuuliza, "Na ile mustari alichora?"

"Anakuonyesha tu fasi bataweka." Yaani mahali zitakapowekwa.

Wakuu, yule daktari aliongea kama dakika tano. Tafsiri ikatoka sentensi mbili. Mimi sinunui balo la vitenge bila kulifungua na kuhesabu kipande kimoja kimoja, wauzaji wa Bunagana wananijua kwa kero hiyo. Siku hiyo nikafungwa mdomo na kofia ya daktari na joho jeupe.

Kisha daktari akauliza swali, macho yake kwangu, si kwa Mama Solange. Mama Solange akamjibu kwa Kiingereza bila hata kunitazama. Mimi nikatikisa kichwa kama mtu anayejua anachokubali. Nikapewa karatasi, nikasaini.

Embryo mbili zikarudishwa. Ya tatu ikagandishwa. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye gari, majina manne, orodha imekamilika.

Siku ya kumi na moja tangu zirudishwe damu ikaja, niko sokoni nampimia mteja kitenge. Nikamaliza kupima, nikakata, nikakunja, nikampa. Kisha nikaingia nyuma ya rafu za vitambaa nikalia mpaka jirani yangu akafunga duka langu kwa niaba yangu.

Mama Solange alipiga simu: "Mungu hakupenda, mama. Tutapanga groupe ingine."

Mama mkwe akauliza kama nilibeba ndoo ya maji. Wifi akauliza kama nilikunywa vya baridi. Kambale hakuuliza kitu, lakini alinitazama nikiinua kapu, nikaona anahesabu kichwani mizigo yote niliyoinua tangu Kampala. Miezi minne mizima nilitafuta kosa kwenye mwili wangu. Nilijuta hata kucheka kwa nguvu njiani.

Sasa sikilizeni.

Neema, mtoto wa dada yangu, alirudi kutoka masomoni Uganda. Siku moja alikuja kunisaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo, nikakumbuka lile faili nililorudi nalo kutoka kliniki. Nilitaka tu anisomee habari za embryo iliyobaki, nijue imehifadhiwa mpaka lini. Akajifuta mikono, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, halafu akaninyanyulia macho.

"Tantine, weye ulikataa kungoja?"

"Kungoja nini?"

"Hapa banaandika ukuta ya ndani, fasi mutoto anashika, ilikuwa mwembamba sana. Dokta alishauri embryo zote tatu zigandishwe, ungoje kule karibu na kliniki, ku dawa, miezi mbili ama tatu." Akaweka kidole kwenye mstari wa chini. "Bakaandika ivi: mugonjwa ameelezwa, amekataa. Anataka leo."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Chini yake kulikuwa na saini yangu, nzuri kabisa, ile ninayoiweka kwenye risiti.

Ule mstari kwenye parachichi ndio ulikuwa ukuta wangu. Yule daktari alikuwa ananibembeleza nisubiri. Na lile swali aliloniuliza akinitazama machoni lilikuwa: wewe unataka nini? Likajibiwa na mtu mwingine, kwa niaba ya tumbo langu, mimi nikiwa nimelala palepale miguu juu.

Nilikwenda kwa Mama Solange siku hiyohiyo na majani ya sombe bado kwenye kucha. Hakukataa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alinikaribisha, akanipa kiti.

"Mama, ungetaka nifanye nini? Bale batatu bengine balikuwa tayari. Miezi mbili ungekaa Kampala na nani, bila luga? Na kwa liste, jina yako ikose, siye bote tunafungwa pale Bunagana."

"Ungeniambia. Ningeamua mwenyewe."

"Ungelia tu, mama. Nilikuona vile ulichoka. Nilikusaidia."

Kwa hiyo wakuu, siku ya kurudishiwa embryo zangu iliamuliwa na orodha ya abiria. Si daktari, si mume, si mimi. Mtu aliangalia viti vya gari, akaona changu kitabaki wazi, akaona heri tumbo langu lipoteze kuliko safari ivurugike. Na anaita msaada.

Nisijitakase sana pia. Nilitikisa kichwa. Nilisaini. Hilo nalibeba mwenyewe.

Basi ikabaki embryo moja, na kila mtu ana tarehe yake. Mama mkwe anataka kabla hajafumba macho. Kikundi chake cha sala kilishaniwekea novena, zile sala za siku tisa, na siku yake ya mwisho, eti niwe na kitu tumboni siku hiyo. Mama Solange, amini usiamini, alinitumia ujumbe kwamba groupe mpya inaondoka na nafasi ipo. Hata Kambale akasema, "Tulishachelewa, tufanye mbio."

Nikamwambia tutakwenda wawili, bila groupe, na Neema atatafsiri kwa simu. Akakubali bila ubishi. Niliwaambia ni mpole.

Nilinywa vidonge vya kukuza ule ukuta kama kliniki ilivyoniandikia, safari hii wakiniruhusu nivinywee Goma. Tukavuka. Daktari yuleyule akapima na eko, simu iko juu ya meza, sauti ya Neema imejaa chumba. Nilimwambia atafsiri kila neno, hata akikohoa.

Cha kwanza alichosema daktari: anafurahi kwamba safari hii sina haraka.

Nikamwambia Neema amweleze kwamba hata safari ile sikuwa na haraka, sikuambiwa. Akaeleza. Daktari akavua miwani, akafungua faili, akasoma mwandiko wake mwenyewe. Akaomba radhi. Akasema alipaswa kuleta mtafsiri wa kliniki. Ndiyo, alipaswa, na nikamwambia hivyo.

Kisha akarudi kwenye kioo. Ukuta umeongezeka, lakini bado haujafika. Akasema tunaweza kujaribu leo, wapo waliobahatika hivyohivyo. Au tuiache embryo kwenye baridi yake, abadilishe dawa, turudi baada ya miezi. Akasema hawezi kuniahidi kitu upande wowote.

Hapo nikaelewa kwa nini mtu anaweza kutaka kuamuliwa. Nilikuwa nimevuka mpaka na vidonge tumboni. Huko nyumbani novena inaendelea. Embryo iko chumba cha pili, hatua kumi. Nilitamani kusema leo, wakuu.

Nikamtazama Kambale. Yeye ndiye aliyekuwa anataka mbio.

Akaniachia neno: "Weye njo unasema. Mimi nitabeba tu mifuko."

Nikasema leo hapana.

Daktari akaniletea karatasi ya kusaini, ya Kiingereza. Neema akaisoma yote kwenye simu, mstari kwa mstari, nikasaini. Halafu nikaomba kalamu tena, na chini ya saini nikaandika kwa Kiswahili, herufi kubwa: NIMEELEZWA, NIMEELEWA, LEO HAPANA, NIMEAMUA MIMI. Daktari akauliza ni nini hicho. Neema akamwambia. Akaiweka kwenye faili.

Tumerudi Goma mikono mitupu. Mama mkwe haongei na mimi vizuri, na kila Jumapili baada ya misa ananiuliza tarehe. Namwambia sina. Si ujeuri, sina kweli.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu anayekutafsiria akifupisha, msimamishe hapohapo, hata kama umelala miguu juu na unaona aibu. Karatasi usiyoweza kuisoma usiisaini siku hiyo. Na mtu akikwambia alikusaidia, muulize alikuuliza lini.

Waliopitia IVF humu, nyie siku yenu aliichagua nani? Na waliosubiri, mlisubirije bila kuchanganyikiwa? Njooni tuongee, hata wa kunisema kwamba nimepoteza nafasi waje, nitawajibu.

Mmoja atauliza kama nimeomba ule ukurasa wa zamani utolewe kwenye faili. Hapana, nimeacha kurasa zikae zote mbili. Moja inasema nilikataa kusubiri, nyingine inasema nimekataa leo, saini yangu iko kwenye zote, lakini maneno yangu yako kwenye moja tu.