Vibao vya Treni za Baba

Baba alikuwa na treni kumi na moja za kuchezea, na hakuna hata moja iliyotembea. Springi zilikwisha kufa, magurudumu mengine yalikwisha kupotea, lakini zilikaa ndani ya kabati la kioo sebuleni kwetu, Moshi mjini, kama wageni wa heshima. Yeye alikuwa fundi wa reli. Mchana kutwa alipambana na injini za kweli, jioni akaoga, akaswali, akakaa kuzitazama zile ndogo. Mama alikuwa akisema ameolewa na mwanamume mwenye wake kumi na wawili.

Kazi ya kuzipangusa ilikuwa yangu, na nasema bila haya kwamba nilizijua kuliko yeye. Treni ya namna ile hujulikana kwa kibao chake, kile kibati kidogo ubavuni mwa injini chenye jina. Zile za Mjerumani, ambazo baba alizinunua mnadani baada ya vita vya kwanza vya dunia, zilikuwa na kibao cha shaba ya njano. Herufi zake ziligongwa kutoka nyuma zikatokeza mbele, hivi kwamba ukipitisha kidole gumba unazihesabu umefumba macho. Kibao chenyewe kilishikwa na vikucha viwili vilivyokunjwa kwa ndani. Za Mwingereza zilikuja baadaye kwenye maduka ya Wahindi: injini ile ile, umbo lile lile, ila kibao kimebadilishwa na jina limepakwa rangi tu, laini kabisa. Halafu kulikuwa na za kuiga, kazi ya mafundi wa bati wa hapa hapa, zilizokatwa kwenye madebe ya mafuta ya taa. Hizo herufi zake zilichimbwa kwa msumari zikazama ndani. Hata mtoto angezitambua.

Fahari ya kabati ilikuwa injini ya kijani ambayo baba aliipata kwa mchuuzi wa Tarakea, aliyeapa kwamba imevuka mpaka kutoka kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Kibao cha shaba, herufi zimetokeza, vikucha viwili. Baba aliiamkia kabla hajatujulia hali sisi. Lakini kila nilipoipangusa, kidole changu kiliniambia jambo: kile kibao kilikuwa na kitambi. Kilituna katikati, kidogo mno, na ukikibonyeza kinarudi palepale. Nilidhani ni uzee.

Basi nilipokuwa na miaka kumi na tisa, taa ya karabai ya mama ikaanza kuvuja, nikatumwa Pasua kwa fundi wa bati. Alikuwa kijana mrefu, mama yake mtu wa Kirua Vunjo, na wanawake wa mlimani walimletea sufuria za mtori wa ndizi zilizotoboka. Nilipokuwa nikingoja, nikaona juu ya meza yake vibao vitano vidogo vya shaba. Nikaokota kimoja, nikapitisha kidole. Kitambi! Kando yake palikuwa na tangi la karabai kuukuu, limekatwa vipande. Shaba ya tangi ni ya mviringo. Uigonge utakavyo, haikubali kulala sawasawa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

"Kuna nini, dada?" akauliza.

"Fundi, kazi yako iko nyumbani kwetu. Baba yangu anaiamkia kila asubuhi."

Nilipomweleza, yeye hakucheka. Alisema aliwahi kuletewa injini ya Mjerumani yenye gurudumu bovu, akaipenda, akaiga moja ili ajue tu kama ataweza. Mchuuzi wa Tarakea aliichukua akijua wazi kwamba ni ya kuiga, kisha akaagiza nyingine. "Mimi sikumdanganya mtu," akasema, akapangusa mikono kwenye aproni iliyokuwa chafu kuliko mikono yenyewe. Hapo ndipo nilipopotea.

Miezi miwili iliyofuata, vyombo vyote vya kwetu vilishikwa na ugonjwa wa kuvuja. Birika, beseni, kopo la kuogea. Sufuria moja ilikataa kuugua, nikaisaidia kwa msumari. Mama akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Tundu hili limetobolewa kutoka ndani," kisha akaniacha niende nayo. Nilikwenda Pasua nikiimba, sufuria nimeivaa kichwani, na watu wakanipisha njia.

Mwishowe mshenga wake akaleta barua ya posa. Kwa desturi yetu kijana mwenyewe hakai hapo, wanaozungumza ni wazee. Baba akaisoma, akaikunja, akamwambia mshenga, "Mlete mwenyewe. Simwozi binti yangu kwa mtu ambaye sijajua kama ana macho."

Nilielewa. Kila mgeni wa baba aliwekewa injini mbili mbele yake, ile ya kijani na nyekundu moja ya kibao cha msumari, akaulizwa ipi ya kweli. Wote walisifu ya kijani, na baba akashiba kabla ya chai. Sasa anayekuja kuulizwa ni yule yule aliyeitengeneza. Akisema kweli, atamwaibisha baba mbele ya mshenga, na posa itarudi ilikotoka. Nikakimbia Pasua bila hata chombo cha kisingizio.

"Sema ya kijani," nikamwambia. "Neno moja tu. Ukishanioa utatubu."

Akaendelea kulehemu.

Siku yenyewe, baada ya sala ya alasiri, mimi na mama tulijibana nyuma ya pazia, tukichungulia. Nikamsikia akiingia, "Shikamoo, mzee," na baba akiitikia, "Marahaba, kijana, karibu." Kabla hajameza kipande cha kwanza cha mkate wa sinia, baba akaweka injini zake mbili mezani.

"Moja ya Mjerumani, moja ya kuiga. Niambie."

Kijana akaishika nyekundu, akaiweka. Akaishika ya kijani, akapitisha kidole gumba. Mimi midomo yangu ilikuwa ikisema kijani, kijani, kijani, mpaka mama akanifinya.

"Shikamoo, mzee," akasema tena, kwa woga nadhani. "Hii nyekundu ni ya kuiga. Na ya kijani pia ni ya kuiga. Hii niliitengeneza mimi."

Mshenga akapaliwa na chai.

Baba akavaa miwani. Kisha akanyoosha mkono. "Nionyeshe."

"Bonyeza hapa katikati, mzee. Ni shaba ya tangi la karabai."

Baba akabonyeza. Kibao kikalia, tik! Tulikisikia mpaka nyuma ya pazia. Akabonyeza tena. Tik! Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Kumbe kicheko kimembana mpaka miwani ikamwanguka.

"Miaka minne!" akasema alipopata pumzi. "Miaka minne ninaamkia karabai!"

Halafu akageukia pazia. "Wewe huko, unayeipangusa kila siku. Ulijua?"

Nilitamani sakafu inimeze. "Nilijua, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu karabai ya mama ilipovuja."

Akamgeukia kijana. "Macho unayo, na ulimi unao. Lakini umemsikia mwenyewe. Huyu anaweza kukuficha jambo huku anakutazama usoni. Bado unamtaka?"

"Namtaka, mzee."

Hakusita hata kidogo. Mama akapiga kigelegele ndani ya sikio langu, mshenga akaomba chai nyingine, na mimi nikacheka na kulia pamoja, aibu na furaha zimenipanda nisijue nianze na ipi. Maana nilimwomba aseme uongo ili anipate. Kama angenisikiliza, ningeolewa na mwanamume yule yule, na kila aliponiambia ananipenda ningejiuliza kama anasema kilicho moyoni mwake au ninachotaka kusikia.